Nyumba ya likizo kisiwani hujengewa miezi ambayo mwenyewe hayupo

Swali: Nina kiwanja cha ekari moja kwenye kisiwa kidogo jirani na Ukerewe. Nataka kujenga nyumba ya vyumba viwili vya kulala kwa ajili ya likizo. Tuko watu sita, na tutakuwa tunakwenda Desemba, Pasaka na Juni. Umeme wa TANESCO haujafika huko. Fundi ananishauri ninunue jenereta, paneli mbili na betri nne za gari, nichimbe choo cha shimo, na matofali ya saruji niyatoe Mwanza. Je, mpango huu utafaa, na nianze na nini? – Msomaji, Nyegezi, Mwanza.

Jibu: Ndugu yangu, habari za Nyegezi. Kabla ya paneli na betri, chukua kalenda. Likizo tatu za wiki mbili mbili ni siku 42. Siku 323 zinazobaki, nyumba itakuwa imefungwa. Ushauri wa fundi wako ni wa mtu anayelala humo kila siku, anayeona taa zikififia usiku huohuo na njia ya mchwa ukutani asubuhi ileile. Wewe hutaviona. Nyumba ya aina hii haichakazwi na watu wanaoitumia, inachakazwa na kufungwa. Kwa hiyo kila kitu unachotaka kununua kiulize maswali mawili: vijana wanne wataweza kukipakia na kukishusha mtumbwini? Na kikikaa miezi mitatu bila kuguswa, kitakuwa kizima?

Tuanze na mahali pa kujenga, maana kosa la hapo halirekebishiki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi hupima mita hizo kuanzia pale maji yalipo siku wanayopima, na hapo ndipo wanapoumia. Ziwa Victoria halitulii mahali pamoja. Mwaka 2006 lilishuka sana, mwaka 2020 likapanda hadi kwenye kiwango cha rekodi ya 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Kati ya kushuka kule na kupanda kule kuna karibu mita tatu za wima. Kwenye ufuo unaoinuka mita moja kwa kila mita 20 za kwenda mbele, mita tatu za wima zinameza mita 60 za ardhi, yaani hifadhi yako yote.

Waombe wavuvi wakuonyeshe maji yalifika wapi 2020 na 2024. Watakuonyesha mti au jiwe, maana wao ndio waliohamisha vibanda na vichanja vya dagaa. Pima mita 60 kuanzia alama ile. Kisha chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule ambao mafundi hutumia kupata usawa, uhakikishe jamvi la nyumba linakuwa juu ya alama hiyo kwa mita mbili au zaidi. Angalia pia njia za kiboko. Anatoka majini usiku kwenda kula majani na hupita njia yake ileile, mfereji uliokanyagika wenye mavi yaliyotawanywa. Usiweke nyumba, choo wala kibanda cha mlinzi kwenye njia hiyo.

Upepo nao una majira yake. Juni hadi Agosti unavuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na mawimbi yake hupiga upande huo wa kisiwa. Gati la mtumbwi liwe upande uliokingwa, hata kama mandhari nzuri iko upande mwingine. Mandhari utaitembelea kwa miguu.

Karatasi za ardhi nazigusa kwa ufupi. Ardhi ya visiwani mara nyingi iko chini ya kijiji, na barua ya mauziano yenye mhuri peke yake haitoshi. Upate muhtasari wa halmashauri ya kijiji, ofisi ya ardhi ya wilaya ikuthibitishie kwa maandishi kwamba eneo si hifadhi, na kibali cha ujenzi ukichukue halmashauri ya wilaya kabla hujapeleka hata mfuko mmoja wa saruji.

Sasa kuta. Nyumba ya vyumba viwili yenye sebule itakuwa na mita za mraba 110 hivi za ukuta. Tofali la saruji la inchi sita lina karibu kilo 30, na mita moja ya mraba inataka tisa. Hayo ni matofali 1,000, tani 30, ambazo zitapakiwa, zitashushwa kwa mkono kwenye maji ya kiunoni, kisha zibebwe kichwani hadi kiwanjani. Matofali ya pembeni huvunjika, na gharama ya kuyasafirisha inaweza kuipita bei yake.

Kama kiwanja chako kina udongo, tumia matofali ya kufungamana yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, yale ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umeyaeneza nchini. Tofali lina sentimita 30 kwa 15 kwa 10, lina kilo nane na kitu, na mita moja ya mraba inataka 33 hivi. Utahitaji karibu 3,700. Kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa udongo kumi na mbili, mfuko wa kilo 50 hutoa kama matofali 70. Kwa hiyo kuta zako zote zinataka mifuko 55, chini ya tani tatu. Tani nyingine 27 zinatoka chini ya miguu yako.

Udongo upimwe kwanza. Ondoa ule wa juu wenye mizizi. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina cha sentimita 4, ukipake mafuta ndani, ukijaze udongo uliolowanishwa na kushindiliwa vizuri, halafu ukiache kivulini siku saba. Ukikauka, sukuma vipande vyote upande mmoja upime pengo. Likizidi sentimita tano, udongo una mfinyanzi mwingi na tofali litapasuka, basi changanya mchanga upime upya. Mchanga wa ziwa hauna chumvi kama wa baharini, kwa hiyo hauli nondo, ila uchekeche kuondoa makombe ya konokono na usichote ufukweni bila kibali. Tofali lililofyatuliwa linyweshwe maji chini ya kivuli siku saba au zaidi. Tofali lililoanikwa juani siku ya kwanza linaonekana gumu, lakini likipigwa mvua mbili za masika linamomonyoka kama biskuti.

Ikiwa kisiwa chako ni majabali matupu, kama vingi vya upande huu, jenga msingi wa mawe hadi sentimita 45 juu ya ardhi na juu yake usimamishe fremu ya mbao zenye dawa. Kati ya mawe na mbao weka bati lililokunjwa linalotokeza sentimita tano kila upande. Bati hilo haliui mchwa. Linamlazimisha ajenge njia yake nje ambako mlinzi ataiona. Kwa aina zote mbili za ukuta, mti wowote usigusane na udongo, wala usipande maua yanayoegemea ukuta.

Paa liwe la bati la geji 28. Geji 30 ni jepesi zaidi kubeba lakini upepo wa ziwani hulikunja kwenye misumari. Kenchi zifungwe ukutani kwa vyuma vilivyozikwa kwenye mkanda wa zege, na bati litokeze nje ya ukuta sentimita 75 ili mvua isipige tofali. Hapa wapo watakaokuletea ushauri wa Zanzibar na Tanga, eti ununue vyuma visivyoshika kutu kila mahali. Hewa ya ziwani haina chumvi. Misumari na boliti za mabati ya kawaida zinatosha, na pesa hiyo utaihitaji kwenye betri.

Na umeme ndio penye hesabu. Tuseme taa 8 za wati 7 kwa saa tano: wati-saa 280. Feni tatu za wati 30 kwa saa nane: 720. Friji ndogo ya lita 100 inayotumia umeme wa betri moja kwa moja: kama 500. Pampu ya wati 300 kwa saa moja: 300. Simu, kompyuta na televisheni ndogo: 330. Jumla ni 2,130 kwa siku. Betri nne za gari za V 12 na Ah 70 (Ah ni kipimo cha ujazo wa betri) zina wati-saa 3,360 kwa maandishi, lakini betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, bamba zake ni nyembamba, na ukiishusha nusu kila usiku inakufa ndani ya miezi. Nusu hiyo yenyewe ni 1,680, haifiki asubuhi. Halafu ukiondoka ukaiacha na chaji ndogo, bamba zinaganda salfeti, nawe utarudi Pasaka ukute maboksi mazito ya kurudisha Mwanza.

Nunua betri moja ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, V 24 na Ah 200. Ina wati-saa 5,100 hivi, ukitumia asilimia 80 unapata 4,000, karibu siku mbili. Watu wawili wanaibeba.

Kwa idadi ya paneli fundi wako yuko sawa, mradi kila moja iwe ya wati 550. Mbili zina wati 1,100. Siku ya jua zuri tunahesabu saa tano za jua kamili, tunatoa robo kwa upotevu, zinapatikana wati-saa 4,100. Siku ya mawingu ya Aprili chukulia saa mbili na nusu, utapata kama 2,060, kiasi kilekile unachokula. Ndiyo maana sikushauri paneli moja hata kama Juni ingetosha.

Kosa linaloua vifaa vingi liko hapa: paneli ya wati 550 isipokuwa na mzigo hutoa karibu V 50. Ukiunga mbili kwa mfululizo ni V 100, na asubuhi ya baridi huzidi kidogo. Kontrola, yaani kifaa cha kuongoza chaji kutoka paneli kwenda betri, iliyoandikwa mwisho V 100 itaungua siku hiyo, na dhamana haitakusaidia. Chukua ya V 150 na A 60, aina ya MPPT, ile inayojirekebisha yenyewe ili kuvuna umeme mwingi wa paneli. Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, ya wati 1,500 iliyo ya wimbi safi inatosha, kwa sababu hutapika wala kupiga pasi kwa umeme huu. Waya wa kutoka betri hadi inveta uwe wa milimita za mraba 35, usizidi mita moja na nusu, na fyuzi ya A 125 ikae karibu kabisa na betri. Fyuzi iliyowekwa upande wa inveta hailindi waya, na betri ya lithiamu ikipigwa shoti inayeyusha spana.

Paneli zikae juu ya paa, kwa mwinuko wa nyuzi 10 hadi 15 zikitazama kaskazini. Kwetu hapa karibu na ikweta upande si jambo kubwa, mwinuko ni wa kusaidia mvua kuziosha. Mnandi na korongo wakizoea kutua juu yake, doa moja la kinyesi hupunguza umeme wa paneli kuliko unavyodhani. Mlinzi aoshe kila mwezi, asubuhi, kioo kikiwa baridi.

Radi za ziwa hili ni kali na huja zaidi usiku. Fremu za paneli na bati viunganishwe na waya wa ardhini. Kwenye jabali fimbo ya shaba haishuki, basi chimba mtaro wa sentimita 50 kufuata mahali penye udongo, ulaze waya mtupu wa shaba wa milimita za mraba 25 kwa mita 20. Usimwage chumvi kama mafundi wengine wanavyofanya, inakula shaba. Weka pia kinga ya radi kwenye waya wa paneli kabla ya kontrola.

Jenereta iache. Petroli ikikaa kwenye kabureta miezi mitatu huacha utomvu unaoziba tundu la mafuta, na ukiihitaji haitawaka. Kama umeshainunua, kila ukitaka kuondoka funga mafuta, iache iungurume hadi izime yenyewe. Kupikia tumia gesi, mtungi wa kilo 15 kwa kila likizo, na mtungi ukae nje kwenye kizimba chenye hewa.

Maji. Paa la mita za mraba 90 likipata mvua ya milimita moja hutoa lita 72 baada ya upotevu. Ukichukua milimita 1,000 kwa mwaka, unapata lita 72,000, nyingi kuliko mnavyoweza kuzitumia. Shida ni Juni, mvua zimekwisha, nanyi ndio mnafika. Watu sita kwa lita 50 kila mmoja kwa siku 14 ni lita 4,200. Mlinzi na familia yake kwa lita 40 kwa siku, siku 100 za kiangazi, ni 4,000. Jumla 8,200. Kwa hiyo matangi mawili ya lita 5,000, yakiwa yamejaa mwisho wa Mei. Tangi ni jepesi, lakini mtumbwini ni kama tanga: lifungwe chini kwa kamba mbili na lisafirishwe alfajiri tu. Kitako chake kiwe zege la sentimita 10 juu ya mawe yaliyoshindiliwa. Kikilala upande mmoja, tani tano za maji zitalipasua tangi.

Mvua ya kwanza inaosha vumbi, vinyesi vya ndege na yale mawingu ya vidudu vya ziwani vinavyokufa juu ya bati. Kabla ya tangi weka pipa la lita 60 linalojaa kwanza, chini likiwa na koki iliyoachwa wazi kidogo ili lijimwage lenyewe. Koki ikifungwa kabisa, pipa hubaki limejaa na mvua inayofuata hupeleka uchafu wote tangini. Hiki kikoki kidogo ndicho cha kwanza mlinzi kufundishwa.

Maji ya ziwani yawe ya akiba, na hapa sitaki mzaha kwa sababu ya watoto. Ziwa hili lina kichocho. Vijidudu vinavyopenya ngozi hutoka kwenye konokono wa kando, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, penye matete na maji yaliyotulia. Maji ya kuoga yaliyovutwa ziwani yakae kwenye tangi lililofunikwa saa 48 bila kuguswa, vijidudu vitakuwa vimekufa. Ya kunywa yachemshwe hata hivyo. Na watoto wakichezea ufukweni, wapimwe mkirudi mjini. Dawa ipo na inatibu.

Choo cha shimo kwenye majabali ni kupeleka uchafu ziwani kupitia nyufa usizoziona. Jenga choo cha mboji chenye vyumba viwili juu ya ardhi, kimoja kikitumika kingine kikipumzika, mkojo ukitengwa kwa bomba hadi kwenye migomba. Kila anayetumia anamwaga kopo la majivu. Watu sita kwa siku 42, pamoja na majivu, hawafiki lita 150 kwa mwaka. Chumba cha nusu mita ya ujazo kinatosha zaidi ya miaka miwili, kisha kifungwe na kipumzike mwaka mzima kabla ya kutolewa mboji. Hapa kutokuwepo kwako kunakusaidia. Kibaya ni maji tu kuingia ndani, maana majivu yakilowa harufu inaanza.

Siku ya kufunga nyumba, mpangilio ni huu na uandikwe ndani ya mlango wa kabati. Shusha betri hadi asilimia 60. Zima inveta: ikiachwa wazi bila kazi inakula wati 20, karibu wati-saa 480 kwa siku, na paneli zikiwa zimezimwa betri itaisha ndani ya siku saba, ijifunge, na chaja nyingi haziwezi kuiamsha. Kata paneli kwanza, betri mwisho. Ukifanya kinyume, umeme wa paneli unakosa pa kwenda na kontrola huungua. Ukirudi, betri kwanza, paneli baadaye. Mlinzi awe na sola yake ndogo ya taa na simu, isiyohusiana kabisa na ya nyumba, ili asiwe na sababu ya kugusa hii. Friji iachwe wazi, mlango ukizuiwa kwa kipande cha mti. Mwaga kijiko cha mafuta ya kupikia kwenye tundu la sinki, yataelea juu ya maji ya kona ya bomba yasikauke, mende wasipite. Magodoro yasimamishwe mbali na ukuta. Matundu ya hewa yawe na wavu wa mbu ulioshikwa na wavu wa chuma, na upenyo wowote wa darini unaopita kidole kidogo uzibwe, la sivyo popo watahamia.

Kuhusu mtumbwi: mzigo wa ujenzi uondoke alfajiri ziwa likiwa tulivu, baada ya kusoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa ajili ya Ziwa Victoria. Ukiona mawingu yanamulika, subirini. Saruji ilazwe juu ya mbao na ifunikwe turubai, maana maji hukusanyika chini ya kila mtumbwi wa mbao. Watu na saruji wasisafiri pamoja, na kila abiria avae jaketi la kuokolea tangu ufukweni. Ukara haijasahau Septemba 2018 na kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka. Anayekwambia mtumbwi bado una nafasi ya mifuko kumi, mwache nyuma.

Umeuliza uanze na nini. Anza na stoo ya bati yenye tangi moja, kwa sababu mafundi watahitaji maji na saruji itahitaji mahali pakavu. Fyatua matofali Juni hadi Agosti, msingi na kuta Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, na bati liwe juu kabla mvua za Novemba hazijakolea, ili matangi yaanze kujaa yenyewe. Choo kifuate, kisha umeme. Desemba ya kwanza nendeni na taa, feni na magodoro tu. Kila asubuhi andika betri imeamka na asilimia ngapi. Ikiwa siku za mawingu haishuki chini ya 40, friji ipelekwe Pasaka.